Tulitoka Ili Watuite

Kariakoo, kwenye mtaa wetu wa vyombo, mazungumzo ya bei huanza pale mteja anapokupa mgongo. Yote ya kabla ya hapo ni salamu. Unamtajia bei, anacheka kama umemtukania mama yake. Anataja ya kwake, unacheka wewe kama amekutukania wako. Kisha anaweka chombo chini na kuondoka, na hapo ndipo mwenye duka anapoanza kazi ya kumtazama anavyokwenda. Akitembea huku anachungulia maduka mengine, huyo atarudi mwenyewe. Akitembea amenyooka, pochi kwapani, huyo hana mchezo.

Umbali wa kumwacha unajulikana. Mwisho ni kwa muuza kahawa, pale kwenye kona. Akimpita muuza kahawa hujamwita, umempoteza, na mtaa mzima umekuona ukimpoteza. Kwa hiyo akikaribia lile birika la kahawa unaita, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na huruma yake mwenyewe: "Dada, njoo basi. Njoo tuongee."

Nimeita hivyo tangu binti yangu wa kwanza yuko mgongoni, naye sasa ana wa kwake mgongoni. Na mimi nikienda Feri kununua samaki nageuka vilevile, naitwa vilevile. Kugeuka kwetu si ugomvi. Ni sentensi unayoianza, na mwenzako anajua kwamba kuimalizia ni juu yake.

Jirani yangu wa fremu ya kushoto ni mzee wa Kiarabu wa hapahapa mjini. Babu yake aliuza masufuria mtaa huu, baba yake akauza masufuria na birika, yeye akaongeza plastiki. Mtaa mzima tunamwita Ami. Yeye ananiita mwanangu, hata siku anapoita wateja waliosimama mlangoni kwangu.

Mwaka mmoja tuliungana kuagiza mzigo wa hotipoti na mabakuli ya plastiki, sehemu kubwa ikiwa ya Ami. Wanawe wana kazi za ofisini zenye viyoyozi, na walikuwa wanamsumbua aache fremu apumzike. Akawaahidi kwamba mzigo ule ndio utakaoamua. Ukitoka, anabaki dukani mpaka atakapochoka mwenyewe. Ukikwama, anarudisha ufunguo kwa mwenye nyumba na kwenda kukaa barazani kwake kutazama magari ya watu wengine. Alinieleza hayo huku anafuta kifuniko cha hotipoti kwa kanzu, na nilimjua vya kutosha kuona kwamba lile la baraza lilimtisha kuliko mochwari.

Mzigo tuliuweka stoo Gerezani, katikati ya mafundi wa spea. Maboksi yalijaa hadi kwenye dari. Kuingia ilibidi uingie ubavu, na ukikutana na mwenzako ndani mmoja wenu lazima arudi kinyumenyume. Dirisha lilikuwepo siku tulipokodi. Baada ya mzigo kuingia hatukuliona tena. Nilihesabu maboksi mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, mara ya kwanza kwa ajili yangu na ya pili kwa ajili ya yule aliyehesabu mara ya kwanza.

Rasimu ya kanuni mpya ya serikali ilitufikia kwenye kundi la wasap la jengo, kati ya tangazo la msiba na picha ya ua iliyoandikwa "Ijumaa njema". Ilikuwa faili ndefu. Watu waliipa vidole gumba, wakaendelea na michango ya msiba. Mimi niliifungua kwa sababu siku hiyo hapakuwa na wateja.

Ilisema hivi: kila chombo cha plastiki cha kuwekea chakula kitakuwa na alama ya Kiswahili, iliyochapwa kwenye mwili wa chombo chenyewe, ikieleza ni plastiki ya aina gani na kama inahimili vitu vya moto. Stika haikubaliki. Vyombo visivyo na alama vitauzwa kwa miezi mitatu tu tangu kanuni itangazwe, basi.

Kusema kweli ilikuwa kanuni yenye akili. Nimewahi kuuza bakuli likamiminiwa uji likanywea, na mteja akanirudishia likiwa na uji wake ndani. Hata mimi sikujua bakuli lile lilitengenezwa kwa plastiki gani. Shida yetu ilikuwa ni muda tu. Hotipoti ni chombo cha harusi, na harusi za mikoani zinangoja mavuno. Miezi mitatu ya rasimu ingetuangukia katikati ya masika, wakati barabara ni tope, mahindi yako shambani, na hakuna baba anayetaka kusikia habari ya mahari. Tulihitaji kuruka masika tufike mavuno.

Mwisho wa faili waliandika kwamba maoni yanakaribishwa, na kwamba kutakuwa na kikao cha wadau. Mdau ni mimi. Nililisoma neno hilo mara mbili.

Tulikutana dukani kwa Ami kupanga. Alikuwepo pia mama mmoja wa Buguruni, mwenye fremu ya ndoo na mabeseni upande wa pili wa barabara, ambaye mdomo wake hufungua duka kabla ya mikono.

"Tukaombe muda tu, Ami," nikasema. "Kanuni yenyewe haina ubaya."

"Mwanangu, ukiingia dukani ukasema, hii naipenda na pesa ninayo, utauziwaje?"

"Nitachinjwa."

"Basi tusiende kuchinjwa. Tunaanza kwa kuikataa yote. Wao watashuka, na sisi tutashuka kidogo. Wakibana, tunageuka."

"Nani anageuka kwanza?" akauliza mama wa ndoo. "Maana nikitangulia mimi, mlango unaziba, nyie mnabaki ndani."

"Mimi," akasema Ami. "Mkiniona nimeshika bakora yangu ya kutembelea, inukeni."

Hakuna aliyepinga. Mimi mwenyewe niliona mpango umekaa vizuri, na mpaka leo nikiutazama kama mpango wa kununua hotipoti, hauna kasoro.

Ukumbi wa kikao ulikuwa na viyoyozi, maji ya chupa na vitambaa vya meza vyenye mafundo. Sisi wa Kariakoo tulijaza safu mbili. Mbele yetu walikaa watu wa viwandani na waagizaji wakubwa, na kompyuta zao mapajani. Aliyeongoza kikao alikuwa afisa mmoja, binti mpole mwenye miwani, ambaye alishuka jukwaani kuja kumwamkia Ami.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Ami, akanitupia jicho. Kwetu muuzaji akikufuata kukusalimia, bei imeshaanza kulegea.

Binti akawasha ukuta, maandishi yakatokea makubwa. Akasema rasimu iko wazi kwa kila mtu, hakuna kilichofichwa, na kila maoni yataandikwa na kuwekwa hadharani pamoja na majibu yake. Kisha akaanza kifungu kwa kifungu.

Ami akanyoosha mkono. "Hatuitaki."

"Kifungu kipi, mzee?"

"Vyote."

"Sawa. Sababu yake?"

Ami akajifanya anasoma ukuta. Sababu ndiyo unayoificha kabisa. Ukitoa sababu umetaja bei yako.

"Haya, tumeandika," akasema binti, na kwenye meza ya pembeni mwenzake alikuwa anaandika kweli. "Maoni mengine?"

Tukangoja atuulize, sasa nyie mnasemaje. Hakuuliza. Mama wa ndoo akajaribu kumchokoza.

"Alama ya Kiswahili ya nini, mwanangu, kwani ndoo inajua kusoma?"

Ukumbi ukacheka, binti naye akacheka, na mwenzake akaandika. Kila tulichosema kiliandikwa. Sijawahi kusikilizwa vizuri namna ile na kupata hasara.

Mbele, mtu wa kiwanda kimoja akasimama, akasema kifungu cha nne kinamsumbua kwa sababu mashine zake zinahitaji muda wa kubadilisha vibao vya kuchapia, akaeleza muda gani na kwa nini. Alisema anachotaka palepale, mchana kweupe, bila kona. Nikamwonea huruma.

Vifungu viwili kabla ya kile cha muda, nikaona vidole vya Ami vinaizunguka bakora. Nikamvuta mkono wa kanzu.

"Ami, cha muda bado."

"Ndiyo maana," akanong'ona. "Wakituona tunaondoka kabla ya hapo, watashtuka."

Akasimama, nasi tukasimama, safu mbili nzima, viti vikalia. Ami alitembea kama watembeavyo wasio na mchezo, amenyooka, haangalii pembeni. Sisi nyuma yake tulikwenda polepole, maana huwezi kuitwa kama umeshafika mbali. Muuza kahawa wetu siku hiyo alikuwa ule mlango wa ukumbi. Tuliukaribia. Tukaukaribia zaidi. Mama wa ndoo akajifanya anatafuta kiatu. Nyuma yangu nikasikia sauti ya binti, pole na yenye adabu: "Tuendelee. Kifungu kinachofuata."

Nje jua lilikuwa linachoma. Tukasimama kwenye uwanja wa magari, karibu kiasi cha kuitwa.

"Atakuja mwenyewe," akasema Ami.

"Akichelewa nitakuwa nimeiva," akasema mama wa ndoo.

Mlango ukafunguka, kijana mmoja mwenye aproni akatoka mbio kutufuata. Ami akanyoosha kanzu. Nilimwona akitabasamu kidogo, akafuta lile tabasamu haraka, maana anayeitwa hatakiwi kuonekana amefurahi.

"Wazee wangu, mmesahau chakula," kijana akasema, na kutugawia pilau kwenye vibakuli vya plastiki.

Nilikigeuza changu chini juu kutafuta alama. Nikatafuta tena. Hakikuwa nayo.

Tulikula tumesimama. Kwenye pochi nilikuwa na ile rasimu, nimeikunja palepale kwenye kifungu cha muda, na nilijua kwamba ndani, wakati mimi natafuna, kinasomwa. Miguu yangu ilitaka kurudi.

"Niingie mara moja tu, Ami. Niseme la mavuno nitoke."

"Ukirudi wewe tumerudi wote."

Alisema bila ukali, na alikuwa sahihi. Aliyegeuka akirudi bila kuitwa, analipa bei ya mwanzo na nyongeza ya aibu. Wenzangu walikuwa wananitazama. Ule mlango haukuwa na mlinzi wala kitasa cha maana, ila mimi niliuona kama ukuta. Nikamaliza pilau.

Baadaye kila kitu kiliwekwa hadharani, kama binti alivyoahidi. Nilisoma majibu ya maoni kwenye simu, nimesimama mlangoni kwangu. Mtu wa kiwanda aliongezewa muda wa mashine zake. Sisi tuliandikwa hivi: wafanyabiashara wa vyombo, Kariakoo, hawaitaki, sababu haikutolewa. Kwenye muda wa kuuza vyombo vya zamani paliandikwa kwamba hakuna mdau aliyetoa maoni, kwa hiyo kifungu kinabaki kilivyo. Uwazi wao ulikuwa kioo kisafi kabisa. Niliona mpaka upande wa pili, nikajiona nimesimama uwanjani nakula pilau.

Kanuni ikatangazwa wakati wa joto kali, miezi mitatu ikaanza kukimbia kuelekea masika. Nikapanda basi la mwendokasi pale Gerezani, nikaenda ofisini kwa yule binti bila kumwambia Ami. Alinikumbuka.

"Karibu, mama. Siku ile tulidhani mmeenda kuswali. Tukawaachia viti vyenu mpaka mwisho."

Nikavuta kiti kilichokuwa mbele ya meza yake.

"Viti vyetu vyote?"

"Safu mbili zote. Hata watu waliochelewa niliwaambia wasikae pale."

"Tulitoka ili mtuite," nikasema.

Akavua miwani. "Tuwaite kwa nini, mama? Mlango ulikuwa wazi."

"Wewe ukija Kariakoo kununua kitu, unafanyaje?"

"Naulizaga bei, nikitajiwa nalipa. Kubishana naona aibu."

"Unanunuaga duka gani?"

"Kwa nini?"

"Nijue tu."

Akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona sijafika kwa ajili ya kuchekeshana. Nikamweleza yote: mavuno, harusi, stoo, Ami. Nilisema sababu moja baada ya nyingine, zote nilizozificha siku ile. Alisikiliza na kuandika. Mwisho akasema sababu hizo zingetosha kabisa kuongeza muda kama zingesemwa kikaoni. Kanuni ikishatangazwa, kuibadilisha ni kuanza upya: rasimu, tangazo, maoni, kikao.

"Itachukua muda gani?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Mrefu kuliko ule mliopewa."

Ami sikumwambia habari ya viti. Nilimwambia tu kwamba nimeuliza na haiwezekani. Angeweza kubeba kwamba walitukatalia. Kwamba walitutunzia nafasi, sikuona angeiweka wapi.

Mvua zikaanza. Stoo ikawa inatoa jasho, maboksi ya chini yakalegea, na kila nilipoingia ubavu niliona kama yamesogeleana. Wauza rejareja waliacha kabisa kununua vyombo visivyo na alama, maana nao wangekwama navyo. Ami akaja na wazo kwamba kanuni inasema vyombo vya chakula, basi tuseme ni vya matumizi mengine.

"Hotipoti ya kuwekea nini, Ami?"

"Vifungo vya shati."

"Vikae moto?"

Alinitazama, tukacheka, na hilo likaishia hapo.

Waliobaki ni wale wanaokodisha vyombo vya sherehe. Kanuni ilizuia kuuza, haikuzuia kukodisha, na wao walilijua hilo, kwa sababu kila kitu kilikuwa hadharani. Tarehe yetu ya mwisho walikuwa nayo kwenye simu zao. Zamani mteja alinipa mgongo bila kujua nimebanwa kiasi gani. Sasa alijua kuliko mume wangu. Waliingia, wakataja bei ya kutukanana, wakageuka, na safari hii hawakupunguza mwendo. Mimi niliita. Niliwaita hata hawajashuka ngazi. Nikauza kwa bei ambazo sikuzihesabu hata mara moja, na boksi kwa boksi upande wangu wa stoo ukapungua, mpaka nikaliona dirisha.

Upande wa Ami haukusogea. Alitaja bei yake, wakageuka, akawaacha wakampita muuza kahawa.

"Ita basi, Ami."

"Siku ile waliniita?"

Zikabaki siku chache. Mchana mmoja wa mvua akaja mama kutoka Morogoro, mkodishaji, mwavuli mkononi na kijigari cha kukodi kinamngoja kwenye lami. Alipita kwangu, nikamwonyesha kwa Ami, maana mimi sikuwa na hotipoti tena. Nikawasikia kupitia ukuta. Mama alitaka nyingi, kiasi cha kuondoa nusu ya stoo. Ami alitaja ileile. Mama akataja yake. Ami hakushuka, mwavuli ukafunguliwa, na yule mama akatoka, amenyooka.

Nilisimama mlangoni. Ami alikuwa amekaa mlangoni kwake, kikombe cha kahawa mkononi, anatazama maji yanavyopita kwenye mtaro. Mama alikuwa anakaribia birika.

Kumwita mteja wa mwenzako akiwa amegeuka ndiyo dhambi kubwa ya mtaa wetu. Ukimwita aliyesimama mlangoni, hiyo ni biashara, na Ami mwenyewe amenifanyia mara nyingi. Lakini aliyegeuka, sentensi ile ni ya mwenzako, yeye ndiye wa kuimaliza au kuiacha. Watu wamewahi kushikana mashati kwa hilo na hawasalimiani hadi leo. Isitoshe nilijua nitakuwa nimemwambia Ami, mbele ya mtaa, kwamba amebanwa.

Mwavuli ukafika kwenye kona.

"Mama," nikaita. "Mama wa Morogoro, rudi. Mzee anakuita."

Akageuka. Muuza kahawa naye akageuka. Ng'ambo ya barabara mama wa ndoo alitoa kichwa kati ya mabeseni, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Sijamwita mtu," akasema Ami bila kunitazama.

"Najua."

Yule mama alirudi nusu ya njia, akasimama kwenye mvua. "Sasa nimeitwa au sijaitwa? Gari inanidai."

Ami alikunywa kahawa iliyokuwa imeisha, nilikiona kikombe kilivyo kitupu. Maji yalipita na ganda la boksi la hotipoti. Kisha akanyoosha mguu, akavuta kigoda kilichokuwa chini ya meza, akakisukuma mpaka mahali ambapo mvua haifiki.

"Kaa kwanza," akasema. "Umelowa."

"Bei je, mzee?"

"Kaa kwanza."